Rangi haiwashi pikipiki

Kabla hujanunua kopo la rangi ya kupuliza, kabla hujakata kiti na kung'oa madigadi, nijibu swali moja: hiyo pikipiki inawaka?

Nauliza manake mtindo umeshika. Kijana anapata Honda au Yamaha kuukuu imelala nyuma ya nyumba ya babu huko mashambani, kuku wamelalia kiti miaka kumi. Anaileta mjini kwa pikapu. Wiki ya kwanza ameibomoa yote. Wiki ya pili fremu ni nyeusi tititi, tangi linang'aa, picha ziko Instagram na wasee wanatupa vijimoto kwenye maoni. Mwezi wa tatu injini bado iko ndani ya katoni chini ya kitanda, nati zimechanganyika kwenye mkebe wa Kimbo, na hakuna anayekumbuka ule waya wa kijani ulikuwa umeunganishwa wapi. Mwaka ukiisha, mwenye kununua vyuma vikuukuu anapita na mizani yake.

Msimamo wangu ni rahisi, ingawa najua hautapendwa na wapiga picha. Pikipiki kuukuu hufufuliwa kutoka ndani kwenda nje. Iwake kwanza. Isimame kwa breki zake yenyewe. Iende dukani na irudi. Baada ya hapo ukitaka kuipaka rangi ya pinki na vidoadoa, hiyo ni shauri yako. Anayeanza na rangi amevalisha maiti suti.

Tena jambo hili si la urembo tu. Hapa kwetu pikipiki ni ofisi ya mtu. Ikigoma asubuhi, siku imeenda, na deni la mkopo halijui kwamba pikipiki imegoma. Sasa angalia vile inavyotibiwa mara nyingi: badilisha plagi. Haijawaka? Leta koili. Bado? Lete kabureta mpya. Kila kubahatisha kunalipiwa na mwenye pikipiki, kamwe si na anayebahatisha. Jioni pikipiki inawaka, na hakuna anayejua ni kipuri gani kati ya vile vitatu kilichoiponya, wala kama kulikuwa na haja ya kununua chochote. Kujua kufunga kipuri ni kazi ya mikono. Kujua ni kipuri gani kimeharibika, na kwa nini, huo ndio ujuzi wenye pesa, na sijaona mwalimu wake mzuri kuliko injini ya zamani. Haina kompyuta, haina sensa. Karibu kila kitu kinaonekana kwa macho au kuguswa kwa kidole.

Ukiniuliza utafute gani, nitakwambia Honda CG125. Najua, haina sura ya filamu. Lakini sikiza. Honda walianza kuiuza mwaka wa 1976, wakiwa wamewalenga watu wa nchi kama zetu, ambako barabara ni mashimo na oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Badala ya cheni ya ndani ya kuzungusha kemu juu kichwani, waliweka kemu chini na vijiti viwili vya chuma vya kusukuma valvu. Teknolojia ya zamani hata kwa wakati ule, lakini inavumilia uzembe. Baadaye viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi, na wajukuu wake ndio hao wanaonguruma kwenye steji nyingi za bodaboda. Hebu fikiria maana yake kwako: pikipiki ya umri wa baba yako, na duka la spea za bodaboda mtaani mwako lina gasketi, klachi, kebo na kabureta zinazokaribiana nayo. Nasema zinazokaribiana. Beba kipuri cha zamani dukani, ukiweke kando ya kipya, upime. Ukikosa mtaani, panda matatu uende Kirinyaga Road, ile wazee wanaita Grogan, uulize duka hadi duka.

Yamaha DT ina sauti tamu, sikatai, na zile Honda XL zina miguu mirefu ya kupendeza. Ila za DT ni injini za kuchoma oili pamoja na petroli. Ukizubaa kuhusu oili, pistoni inashika na umerudi kwenye katoni chini ya kitanda. Usianze nayo.

Na kabla ya spana, karatasi. Piga magoti, futa uchafu, usome namba ya fremu na namba ya injini, kisha ulinganishe na kitabu cha umiliki na kilicho kwenye sajili ya NTSA. Zikikosa kulingana, au muuzaji akianza hadithi ya "logbuku iko kwa mjomba, utaletewa", mwachie pikipiki yake. Utafufua kitu ambacho huwezi kukipeleka barabarani, na huenda kina mwenyewe anayekitafuta. Hapa sina huruma hata kidogo. Bei rahisi ya pikipiki isiyo na karatasi si bei rahisi.

Haya, umeifikisha ploti. Najua unavyoishi: chumba kimoja, keyateka mkali, ngazi nyembamba, mama watoto wa jirani anaanika nguo hapo hapo ulipotaka kuweka injini. Ongea na keyateka mapema, umpe heshima yake, ulipie kona ya uani kama italazimu. Usiingize petroli ndani ya nyumba. Sisemi "jihadhari nayo", nasema usiingize. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi umfikie mtu anayewasha jiko la gesi chumba cha pili. Mwaga petroli yote nje, kwenye mtungi wenye kifuniko, ndipo ushughulike na mengine.

Kisha, tafadhali, usipige kiki. Najua mguu unawasha. Injini iliyolala miaka ina kutu ukutani mwa silinda na ringi zilizogandana na pistoni, na kiki moja ya hasira inaweza kukwaruza kile ambacho kingeponyeka kwa subira. Toa plagi, tia vijiko viwili vya oili safi kwenye tundu lake, uiache ilale usiku. Mwaga oili ya zamani, utie mpya. Kesho yake tia gia ya juu, sukuma gurudumu la nyuma polepole kwa mkono huku plagi ikiwa bado imetolewa. Ikizunguka, umepata injini. Ikikataa, ongeza oili ungoje tena. Kungoja ni bure.

Neno moja kuhusu bisibisi, manake hapa ndipo wengi wanaharibu mchezo. Skrubu za msalaba kwenye pikipiki za Kijapani za zamani zinafanana na zile za kawaida lakini si zilezile. Zina kipimo chao cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya kawaida haikai hadi chini. Inapanda, inateleza, inakula kichwa cha skrubu. Halafu mtu analaumu kutu. Tafuta bisibisi ya JIS, au ile ya kugongwa kwa nyundo inayozunguka yenyewe. Na kila unachofungua, piga picha kwa simu kwanza. Nati za upande mmoja, mfuko mmoja wa plastiki, andika jina kwa kalamu. Simu yako ina kamera nzuri. Hapa ndipo inapofanya kazi ya maana.

Sasa kazi yenyewe. Injini ya petroli inataka vitu vitatu tu: hewa na petroli kwa kipimo, mgandamizo, na cheche kwa wakati wake. Ikikataa kuwaka, kimoja kinakosekana. Kazi yako ni kuuliza ni kipi kabla ya kugusa pochi.

Anza na cheche, kwa sababu ni rahisi kuiona. Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake ya waya, ilaze ichume vizuri kichwa cha injini, mbali na tundu la silinda na mbali na petroli yoyote. Piga kiki kivulini. Ukiona cheche ya samawati inayolia "tak", songa mbele. Ikiwa ya manjano na dhaifu, au hakuna kitu, usikimbilie koili. Zile CG za mwanzo zina pointi: vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka. Vikilala miaka vinaota ukungu, na ukungu haupitishi umeme. Pitisha msasa laini sana, futa kwa karatasi safi, kisha upime nafasi yake ikiwa wazi kabisa kwa kile kipimo cha bapa za chuma ambacho mafundi huita fila. Inatakiwa kati ya milimita 0.3 na 0.4. Ukishasafisha, na bado pointi zenyewe zinatoa cheche kubwa kila zikiachana na nyuso zake zinaungua haraka, shuku kondensa, kile kikopo kidogo kilicho kando. Umeona? Umeshafika kwa kondensa bila kununua plagi, koili wala kabureta.

Petroli nayo huoza. Ikikaa mwaka ndani ya kabureta inageuka gundi ya rangi ya chai, inaziba vile vitundu vidogo vya jeti. Fungua kabureta juu ya beseni, si juu ya nyasi. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafisha kabureta, pulizia hewa ya kompresa, uziinue kwenye mwanga utazame kama unaona upande wa pili. Usichokoe kwa waya wa chuma. Jeti ni shaba laini, ukipanua tundu kwa unywele mmoja pikipiki itakunywa petroli kama lori na hutajua kwa nini. Tangi likiwa na kutu, weka siki na konzi ya nati za zamani, litikise kila ukipita, uache siku mbili au tatu. Limwage, lisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, likauke haraka juani, kisha ulipake mafuta ndani kabla kutu haijarudi. Kazi chafu, ila ni ya shilingi chache. Na weka chujio kwenye bomba la petroli, hata kama pikipiki haikuja nalo.

Mgandamizo unaupima hata kwa kidole gumba. Plagi ikiwa imetolewa, ziba tundu kwa gumba, mwenzako apige kiki: presha inafaa kukusukuma kidole kwa nguvu. Ikiwa dhaifu, kabla hujaanza kuomboleza ringi, angalia nafasi ya valvu. Kwenye CG125 ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Hapa kuna ugonjwa mmoja wa mtaani ambao unaniudhi. Mtu anasikia tapeti zikipiga "tik tik tik", anazikaza mpaka zinyamaze, mteja anafurahi kwamba injini imetulia. Imetulia kweli. Valvu sasa haifungi vizuri, moto unapenya ukingoni, na baada ya muda imeungua. Tapeti yenye mlio kidogo haina neno. Ya kuogopa ni ile iliyonyamaza ghafla baada ya kukazwa.

Hitilafu ngumu zaidi si ile ya pikipiki isiyowaka. Ni ile inayowaka, inakwenda vizuri, halafu inazima. Nilishuhudia kijana mmoja upande wa Eastlands akiwa na pikipiki ya hivyo. Alikuwa ameshabadilisha plagi na kabureta. Inakwenda dakika kumi, inakohoa, inazima. Akikaa kidogo inawaka tena. Akaisukuma hadi kwa fundi mmoja wa makamo.

"Mzee, hii naona injini imeenda."

Fundi hakugusa spana. Akamwambia aiwashe waingoje. Ilipoanza kukohoa, mzee akafungua kifuniko cha tangi. Tukasikia "fyuu". Pikipiki ikashika pumzi na kuendelea kunguruma.

"Injini haina neno, kijana wangu. Kifuniko ndicho kimezibwa pua."

Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likiziba, petroli inashuka, tangi linabaki likivuta kama mtoto anayenyonya chupa iliyobonyea, hadi petroli inakataa kushuka. Dawa ilikuwa pini na mate ya pumzi. Mzee hakubahatisha: alijua ni lini inazima, akangoja wakati huo huo, akabadilisha kitu kimoja tu. Huo ndio mtindo ninaotaka uuibe. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha plagi na kurekebisha kabureta kwa pamoja na pikipiki ikapona, hujajifunza chochote. Weka daftari la mia moja: tarehe, dalili, nilichobadilisha, kilichotokea.

Plagi yenyewe ni barua kutoka ndani, usiitupe bila kuisoma. Endesha kidogo, izime, itoe. Nyeusi yenye masizi makavu: petroli ni nyingi kuliko hewa, au chujio la hewa limeziba. Nyeupe kama chaki: petroli ni kidogo, injini inachemka, usiendelee kukimbia hivyo. Imelowa na inanuka petroli: imefurika, au haina cheche. Rangi ya kahawia hafifu kama mandazi yaliyoiva vizuri: rudisha, uende zako.

Kuna wanaosema hii yote ni kupoteza wakati na pesa, na kwa mtu mmoja wako sahihi. Ikiwa unataka kuanza bodaboda Jumatatu ijayo, usifufue kitu cha 1978. Nunua pikipiki ya kazi. Ya zamani ni ya jioni na wikendi, ni ya yule mwenye mshahara kidogo au anayengoja kazi na ana mikono isiyo na shughuli. Gharama pia zinazidi bajeti, karibu kila mara; tairi, tyubu, cheni na breki peke yake zinaweza kupita bei uliyonunulia pikipiki. Ndiyo maana nasisitiza injini kwanza. Ukigundua wiki ya pili kwamba silinda imepasuka, utakuwa umepoteza oili na siki. Ukigundua baada ya rangi, kroma na kiti kipya cha ngozi, pole sana.

Na wewe dada unayesoma ukidhani hili si lako, ni lako hasa. Unajua bei unayotajiwa ukifika gereji peke yako. Siku utakaposema, "Nimepima pointi ziko sawa, nashuku kondensa," utaona mtu akikaa vizuri kwenye kiti.

Ikishawaka, usifurahi ukasahau kusimama. Fungua breki za dramu mbele na nyuma. Gundi inayoshika bitana za breki huzeeka, na bitana inaweza kubanduka ikajikunja ndani ya gurudumu ukiwa Jogoo Road. Lile vumbi ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kompresa: bitana nyingi za zamani zilitengenezwa na asbesto, na mapafu hayauzwi Grogan. Futa kwa kitambaa chenye maji, kitupe. Tairi likionekana lina meno lakini limepasukapasuka pembeni, hilo ni la kupandia maua. Angalia namba nne za mwisho kwenye ule msururu unaoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Na kama taa yako ya mbele inafifia kama kibatari hata baada ya kuweka balbu mpya, angalia kabla ya kulaumu waya: nyingi za pikipiki hizi ni za volti 6, na ukienda dukani bila kusema utapewa ya 12. Waya ukishaulaumu, anza na ule wa ardhi. Kwaruza rangi na kutu pale unapofungwa kwenye fremu. Hii, kwa taarifa yako, ni sababu nyingine ya kutokimbilia rangi, manake waliopaka fremu yote rangi nene wamefunika pia pale umeme unapotakiwa kugusa chuma.

Safari ya kwanza iwe fupi, mtaani, asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache, helmeti kichwani na bima ikiwa imelipwa. Rudi, kaza kila nati ulizofungua, manake mtetemo utakuwa umezilegeza kadhaa. Baada ya kilomita mia moja hivi mwaga oili ikiwa bado ya moto, kwenye karai safi, uipeleke juani uikague. Vumbi laini linalometameta ni la kawaida kwa injini iliyolala. Ukipata vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usiiwashe tena. Zirudie zile picha za simu, utoe bisibisi ya JIS, na ufungue.